Kizibo cha Pili

Tulimwita Subiri
kwa sababu ya karani wa chama cha msingi,
ambaye mwaka ule, kila tulipofuata hela ya tumbaku,
alitupa neno hilo bila kuinua uso.
Mihayo akarudi kutoka Kaliua na mtoto wa mbwa kikapuni.
"Subiri yetu hii," akasema, "angalau ina mkia."

Masika yaliyopita kupe walimjaa.
Masikioni, makwapani, katikati ya vidole,
wamevimba, rangi ya kijivu, kama mbegu za nyonyo.
Kalunde akiwatoa aliwapanga juu ya kigae,
akihesabu kwa sauti ya darasani:
arobaini na moja, arobaini na mbili,
halafu anachoka, anakwenda kucheza.

Dawa ilikuwa ya ng'ombe.
Machibya wa duka la pembejeo alinimiminia kwenye chupa ya soda;
karatasi ya maelezo ikabaki dukani na kopo lake.
"Kizibo kimoja, ndoo moja,"
na papo hapo akamgeukia mteja wa mbolea.
Sikuuliza ndoo ya ukubwa gani, wala ya mnyama gani.
Nyumbani nilimtazama Subiri, nikawatazama kupe,
nikaongeza kizibo cha pili.

Nilipima kwa wingi wa kupe.
Sikupima kwa udogo wa mbwa.

Jua lilikuwa bado juu ya paa la bani
alipoanza kujilamba.
Kwanza mate. Mate marefu,
kama uzi unaofumuka na hauishi.
Kisha ngozi ya mgongo ikawa inacheza yenyewe,
namna maji ya ugali yanavyohangaika kabla ya kuchemka.
Kisha miguu ya nyuma ikamkana.
Alinijia hivyo hivyo, akijiburuta,
akalaza kichwa juu ya mguu wangu,
mguu wa mtu aliyemwogesha,
kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumshtakia.

Mama Nshoma akasema maziwa.
Mwingine mkaa, mwingine yai bichi.
Mihayo alikwisha kuwasha pikipiki ya watu.
Nami nilibaki kuita:
Subiri. Subiri. Subiri bwana.
Miaka minne nimeliita jina lile kwa makombo ya ugali;
usiku ule ndipo nikalisikia.

Bwana mifugo alifika saa nne, tochi mdomoni.
Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.
Aliomba maji ya vuguvugu na sabuni ya mche,
tukamwosha upya, mara tatu,
nikiondoa kwa mikono nilichokipaka kwa mikono.
Akachoma sindano. Akanusa chupa ya soda.
"Ulipima na nini?"
Nikampa kizibo, chekundu, kilichobonyea upande mmoja.
Alikishika kwa muda mrefu kuliko alivyoishika sindano.

Na hili niliseme, kwa haki:
dawa ilifanya kazi.
Asubuhi kupe walikuwa wamedondoka sakafuni,
wamejikunja, kila mmoja na tone lake la Subiri ndani.
Kalunde aliwafagia bila kuwahesabu.

Hakufa. Wageni huniuliza hivyo,
nami huwajibu hakufa, nao huridhika.
Hawaoni kichwa kinavyomtikisika akinywa maji,
kama mtu anayekataa jambo dogo siku nzima.
Hawaoni, nikitoa beseni nimwogeshe mtoto,
yeye anavyoinuka taratibu, bila kinyongo,
akapita nyuma ya bani
na kurudi maji yakishamwagwa.

Jana nilimwona na kupe wawili, shingoni.
Niliketi chini, mikono mitupu juu ya magoti,
nikamsubiri aje mwenyewe.
Niliwatoa kwa kucha. Mmoja. Kisha mmoja.